Mashimo Tisa kwa Vyumba Viwili

Wasikilizaji wapendwa, salaam. Aliye na kazi mkononi na aendelee nayo, ila atupe sikio. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na minne, na kazi yenyewe huwezi kuiona popote. Imefunikwa na nyumba za watu.

Alikuwa mpima udongo. Tunarudia: mpima udongo. Kabla ya kumwita mwashi, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, ulimwita yeye aje akueleze kama ardhi itaibeba nyumba yako. Mtaani walimwita Fundi Vishimo, na hilo ndilo jina tutakalotumia. Alilizoea hata ukimwita kwa jina la babaye hageuki.

Fundi Vishimo alifariki dunia Alhamisi iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Aliketi kwenye stuli karibu na mlango, akavua buti moja. La pili alivuliwa na mkewe.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Kiwanja kimoja, mashimo matatu: mawili kwenye pembe na moja katikati, kila moja likizidi kimo cha mtu mzima. Alishuka, akakwangua ukuta wa shimo kwa kisu, akatazama udongo unavyobadilika rangi kutoka juu hadi chini. Alilowesha tonge moja na kulisokota viganjani. Likikatika mapema, lina mchanga. Likisokoteka kama uzi wa kushonea, huo ni udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi ni mgeni mbaya: masika huvimba, kiangazi hunywea, na nyumba iliyo juu yake hailali.

Mjane wake alituambia hivi: "Nimefua suruali zake miaka thelathini. Nikitazama maji kwenye beseni, najua leo alikuwa wapi. Maji mekundu, alikuwa kule mlimani. Maji meusi, huyo amekuta mfinyanzi. Jioni hiyo usimsemeshe. Amemkatalia mtu."

Hicho ndicho kilichomchosha, wasikilizaji. Jembe halikumchosha. Kilichomchosha ni kuwaambia watu "hapana" na kuwatazama wakikunja ramani zao. Alizoea kusema, "Watu hawaniiti niwaambie. Wananiita niwakubalie."

Wakati mmoja alikubali. Ndiyo kwanza ametoka chuoni. Jua lilikuwa linazama, mwenye kiwanja alikuwa na haraka, na mashimo mawili ya kwanza yalikuwa mazuri. La tatu hakulichimba. Baada ya masika mawili, ukuta wa chumba cha kulala uliinama, na wenye nyumba wakahamisha vitanda mchana kweupe, majirani wakitazama. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo, akiingia nyumbani kwa mtu hakutazama mapazia wala picha. Alitazama pembe za madirisha. Mtu akimkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, alijibu, "Aliyetunga methali hiyo hakuuliza ufa umetoka wapi."

Sasa tufike kwa mdogo wake wa kike, anayeitwa Mama Mapacha. Hawa walizaliwa wawili tu. Mama Mapacha amekaa nyumba za kupanga miaka kumi na tisa na amehama mara saba. Mapacha wake walijifunza kufunga magodoro kwa kamba kabla hawajajua kufunga viatu. Mwaka huu, hatimaye, alipata kiwanja. Alikuwa na ramani ya vyumba vitano, yenye kibaraza kinachotazama barabara. Alimwita kaka yake apime.

Shimo la kwanza, udongo mgumu. La pili halikuwa na neno. La tatu lilipofika kiunoni, jembe lilileta juu mfuko wa plastiki. Kisha kandambili. Kisha majivu, chupa na vitambaa. Alizama mpaka kichwa kikapotea, na bado takataka zilikuwa zinaendelea. Kiwanja kilikuwa jalala la zamani, lililofukiwa na kusawazishwa vizuri. Kuutafuta udongo wa kweli chini yake, msingi peke yake ungemeza fedha za nyumba nzima.

Mama Mapacha alikuwa amesimama ukingoni.

"Kaka, nipe jibu moja tu."

"Hapana."

"Siyo hilo."

"Sina jingine, mdogo wangu."

"Mbona ile nyumba ya jirani imesimama?"

"Imesimama leo."

"Wewe una kwako," alisema. "Mwenye kitanda haoni tabu kumwambia mwenzake alale chini."

Kaka alitoka shimoni. Alijipangusa mikono, akachukua jembe, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata, jirani alimpigia Mama Mapacha simu: "Kaka yako karudi. Yuko peke yake, anachimba kama fuko. Kwani kapoteza nini?"

Alichimba shimo la nne, halafu la tano. Kwa siku tano alichimba mpaka yakafika tisa. Kanuni yake, tunarudia, ilikuwa mashimo matatu. Hapa alichimba tisa, kwa magoti yaliyokuwa yamekwisha. Mkewe alimkanya: "Baba, huo si umri wa kushindana na ardhi." Alijibu kwamba hashindani nayo, anaibembeleza.

Siku ya tano alipata alichokuwa anakitafuta. Nyuma kabisa ya kiwanja, kando ya ukuta wa jirani, jalala liliishia. Palikuwa na ukanda wa udongo usioguswa, hatua kumi na mbili kwa saba. Alipigilia vigingi vinne, akamwita mdogo wake, akamwonyesha: vyumba viwili na jiko, mlango ukitazama nyuma, kwani ngazi za mbele zingekaa juu ya jalala.

Mama Mapacha alivitazama vigingi.

"Mlango uangalie ukuta wa watu?"

"Uangalie ukuta."

"Nyumba hii imekosa nini, hata isimamishwe kona kama mwanafunzi?"

Fundi Vishimo alicheka. Hapo ndipo alipokosea, maana mwenzake hakuwa anatania. Mama Mapacha aling'oa kigingi kimoja, akamwekea mkononi. "Chukua ukachochee jiko." Hawakusemezana tena. Ilipita miezi minne.

Wasikilizaji wapendwa, yanayofuata tumeyapata kwa Mama Mapacha mwenyewe, na ametuomba tuyaseme.

Alikuwa amekwisha kupatana na mwashi. Vyumba vitano, kibaraza barabarani, kazi ianze Jumamosi. Kaka yake hakuambiwa. Alhamisi kaka akafariki, Ijumaa akazikwa. Katika msiba ule hakuna aliyemkumbuka mwashi, wala mwashi hakuwa na habari. Jumamosi asubuhi Mama Mapacha alikwenda kiwanjani kumwomba aahirishe. Alimkuta ameshavuta kamba za vyumba vitano, zimenyooka, nzuri kama alivyoziota.

"Mama, ndiyo ulivyotaka?" mwashi aliuliza.

Alizizunguka mara moja. Akapita alipotaka kuweka kitanda chake, akapita chumba cha mapacha, akasimama kibarazani.

"Hamisha kamba," alisema. "Peleka kule nyuma."

"Kule? Lakini mlango utatazama ukuta."

"Najua unakotazama."

"Hatua ngapi?"

"Kumi na mbili kwa saba."

"Hatua zangu au zako?"

Mama Mapacha ni mfupi, wasikilizaji. Kaka yake alikuwa mrefu. Alifikiri kidogo. "Zangu," alisema. "Afadhali nyumba ipungue kuliko kuzidi." Akaanza kupima mwenyewe, kwa nguo zilezile za msibani, akihesabu kwa sauti.

Tulimuuliza kama siku hiyo alikuwa amemwamini kaka yake. Alijibu: "Sijui. Labda nimechoka tu kubishana na mtu ambaye hatanijibu tena."

Salamu zetu za pole zimfikie mjane wa marehemu, wanawe, na Mama Mapacha na mapacha wake. Mola awape subira, na marehemu apumzike. Ametembea sana na ameinama sana.

Nasi tuliobaki tujiulize. Pengine yupo mtu aliyetuambia "hapana" kwa sababu alitupenda, nasi tukamnunia. Kama yu hai, kumpigia simu hakuhitaji ushahidi kwamba alikuwa sahihi.

Msingi wa vyumba viwili ulianza kuchimbwa juzi. Jana, Mama Mapacha anasema, mwashi aligonga chini kwa sururu, na sururu ikaruka: udongo mgumu.