Magadani au Dalmanutha

Fundi wa kuandika mabango alikuwa amepakata kopo la rangi basini, akimmwagia yaliyo moyoni mama wa kiti cha pili, wala hawajuani. "Nimechora mashua ya Yesu ukutani kanisani, nikaandika ilifika Magadani, kama Mathayo. Mzee wa kanisa akaniletea Marko: Dalmanutha! Nikafuta. Mama mchungaji anataka Magadani irudi. Leo nikikosea, kazi sina."

Mama akacheka. "Mwanangu, mimi mkunga. Mtaa wetu wazee wanauita Kiwandani, vijana wanauita Kona. Nikiitwa kuzalisha, nafika palepale."

"Wewe unafika, mama. Mimi naandika ukutani!"

Basi likasimama. Getini kwa kanisa walikuwa wakimsubiri yule mzee na mama mchungaji, kila mmoja kidole kimebana ukurasa wake wa Biblia.

"Shuka nami, mama, uwaambie."

"Nina mzazi ananingoja, baba. Huyo mtoto wako msukume mwenyewe."