Steinunn na Damu ya Ukoo wa Hallgrímur

Marehemu Steinunn Hallgrímsdóttir alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika bonde la Hörgárdalur, kaskazini mwa Iceland, kifungua mimba wa Bwana Hallgrímur na Bi. Jórunn. Alisoma shule ya bweni bondeni, kisha chuo cha kilimo, akarudi nyumbani mwaka 1979 kufuga kondoo.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Bergur Oddsson, mtu mpole aliyejua mapema nani mwenye kauli ya mwisho pale nyumbani. Walijaliwa binti mmoja, Álfheiður.

Shangazi zake wawili walifariki kwa saratani ya matiti. Mwaka 2004 mdogo wake, Dagný, akafa kwa saratani ya ovari. Steinunn alilia, kisha akakasirika, na hasira hiyo haikumtoka tena. Vipimo vya jeni zilizozoeleka havikuonyesha kitu. Watafiti wakashuku jeni nyingine, ile inayoongoza viungo vya mtoto vijiunde tumboni: huenda ndiyo inayoharibu mambo ukubwani. Ni huenda tu. Ili wajue, walihitaji damu ya ukoo mzima, wagonjwa kwa wazima.

Wengi walikubali. Kaka yetu Ketill, baba wa mabinti wawili, alikataa.

"Dada, mimi mwanamume. Hayo mambo yenu."

Ilikuwa Septemba 2021, siku ya kila mfugaji kutenga kondoo wake walioshushwa milimani, bonde zima likisikia.

"We Ketill, ukichagua dume si unaangalia kwanza kiwele cha mama yake?"

"Ndiyo, sasa?"

"Huyo dume mwenyewe unamkamua?"

Watu walicheka hadi kondoo wakashtuka. Ketill alivuta kofia yake, akaondoka amenuna.

Wakati huo Steinunn mwenyewe alikuwa anaugua saratani ya ovari. Hakuificha, alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliaga dunia tarehe 2 Februari 2023, hospitalini Akureyri, akiwa ameshapanga muuguzi wa utafiti aje kuchukua damu kwenye kahawa inayonywewa baada ya mazishi. "Ukoo huu haukutani ila kwa kondoo na kwa msiba," alisema. "Kondoo nimeshajaribu."

Ameacha mume, Bergur, binti, Álfheiður, sisi wadogo zake pamoja na kaka yetu Ketill, ambaye tangu asubuhi ya leo ana plasta mkononi, na mabinti wa Ketill, Ragna na Svala, aliowapigania hadi pumzi ya mwisho.

Apumzike kwa amani Steinunn. Sisi tukitoka makaburini, muuguzi anatusubiri ukumbini.