Watiri Twende

Benchi lililo mbele ya gereji pale Naro Moru halikosi watu, na leo Wahome ndiye aliyekaa pembeni kabisa, kahawa imepoa mkononi, macho yako barabarani. Mbele yao limesimama lori la marehemu baba yake, Mzee Mwai. Bodi ni ile ile ya zamani, na juu ya kioo bado yako maneno aliyoyaandika mzee mwenyewe: WATIRI TWENDE. Kilichobadilika kiko chini. Chesisi ya zamani, fremu ya chuma inayolibeba lori, ililiwa na kutu, fundi akatafuta ya lori jipya zaidi, akaikata, akaifupisha, akaiunga, kisha akaikalisha bodi ya mzee juu yake. Mama yake Wahome, Watiri mwenyewe, ameambiwa tu kwamba lori limetengenezwa. Anakuja kulipanda kwenda Tetu, kwenye harusi ya binti yake, Ngendo, na alishasema wazi kwamba kama si lori la mumewe, hapandi. Roho ya Wahome iko juu juu.

Moffat, aitwaye Injinia ingawa hajawahi kufungua boneti, ndiye aliyeanza.

– Hiyo si lori ya mzee. Lori ni chesisi. Namba inagongwa wapi? Si kwa chesisi?

Theuri alitikisa kichwa. Huyu ni Hakimu, kwa kuwa aliwahi kuitwa kortini kama shahidi.

– Lori ni bodi. Ulishaona mtu akisalimia chesisi?

– Kwa hivyo nikivaa koti yako, bibi yako anipikie?

– Jaribu uone. Sikia, Injinia. Kijana ya Wahome anaitwa nani?

– Mwai, kama babu yake.

– Na shosho yake, mama ya Wahome, anamwita nani?

– Ati bwana yangu.

– Na hata meno ya mbele hana. Mzee alirudi kwa huyo kijana na miguu mpya, na lori yake pia. Kesi imeisha.

– Basi hiyo lori ni mtoto. Wahome, usiibebeshe viazi. Anza na sukuma wiki mpaka ikomae.

– Na uipeleke kliniki ipimwe uzito, Hakimu akakubali.

Fowsia, muuza kahawa, alicheka mpaka kifuniko cha birika kikaanguka. Wahome hakucheka. Alikuwa akimwombea Hakimu ashinde.

Mama akatokea, amevaa nguo ya kuendea harusi. Wakamwamkia. Alilizunguka lori, akalitazama jina lake juu ya kioo, akafungua mlango na kunusa kiti. Akatabasamu, na Wahome akashusha pumzi. Kisha mama akainua mguu, akaurudisha chini.

– Wahome, nitapandia wapi?

Hapo ndipo Wahome alipokumbuka. Chini ya mlango ule, mzee alichomelea ngazi ndogo ya chuma, kwa ajili ya goti la mama. Aliichomelea kwenye chesisi. Ngazi ilienda kuuzwa skrapu pamoja na chesisi hiyo, na Wahome mwenyewe alisaidia kuipakia.

Injinia aliinama kuchungulia chini ya mlango.

– Baba yako hangesahau, mama alisema, bila hasira, na aibu ikamshika Wahome mwili mzima.

– Inukeni, Wahome akawaambia wenzake.

Akalibeba benchi, akaliweka chini ya mlango. Mama akamshika bega, akapanda polepole, akakaa.

– Na huko Tetu nitashukia wapi?

Wahome akalipakia benchi nyuma, akawasha lori. Injinia na Hakimu wakabaki wamesimama na vikombe vyao, hawana pa kukaa wala cha kubishania.