Mhandisi Filda Acayo na Utando Uliokataa Haraka

Tarehe 31 Oktoba, Mhandisi Filda Acayo anastaafu baada ya miaka ishirini na minne katika kiwanda chetu cha Bugolobi. Mimi, Aluoch wa maabara, nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa leo furaha yenyewe ni ya kutafuta.

Acayo ni binti wa askari polisi kutoka Kitgum, aliyelelewa katika kambi ya Naguru, na Kiswahili chake ni cha kambini: amri kwanza, salamu baadaye. Wapo wanaomkumbuka mgeni wa heshima aliyeingia kwenye mitambo na viatu vya ngozi vinavyong'aa. "Wewe mzee, buti iko wapi?" Acayo alimuuliza. Mgeni, ambaye ni mmoja wa wenye hisa, alizunguka kiwanda kizima na buti za kuazima, zikimpwaya.

Alipoajiriwa tulikuwa tukitengeneza gundi ya mbao. Baadaye kiwanda kikaanza kuchemsha vipande vya mikaratusi ili kupata sukari ya mti. Maji yale ya kahawia, ambayo sote tunayaita mchuzi, hupitishwa kwenye utando mwembamba unaobakiza sukari na kuachia maji yapite. Shida ni kwamba mti huja na ulimbo wake. Utando ulikuwa ukiziba kama sufuria iliyounguza uji. Tunasimamisha mitambo, tunaosha kwa dawa kali ya soda, tunawasha, unaziba tena. Na kila tulipouosha, utando ulizidi kuchakaa.

Acayo na Sifuna, fundi wa mitambo kutoka Bungoma, walijaribu mengi. Waliuacha mchuzi utulie kwenye tangi. Wakaupitisha kwenye mkaa ili unase ulimbo, na hilo lilisaidia, ila halikutosha. Ndipo Acayo akaanza kushuku haraka yetu wenyewe: tulikuwa tukiusukuma mchuzi kwa presha kubwa mno, na uchafu ukashindiliwa kwenye utando. Akaenda ofisini kuomba presha ipunguzwe. Byron, meneja wa uzalishaji, akakataa. Wateja wanangoja, nani atapunguza mwendo? Acayo akanyamaza.

Mwaka uliofuata mitambo ilisimama zaidi ya ilivyofanya kazi. Watu wa zamu nzima wakapunguzwa kazini, Sifuna akiwemo.

Wakurugenzi walipotaka kuifunga kabisa sehemu ya kuchuja, Acayo alirudi ofisini kwa Byron. Safari hii hakuomba. "Mtaifunga hata hivyo," alimwambia. "Niachieni mwezi mmoja niiendeshe polepole."

Byron, lazima tumpe haki yake, alikubali. Tulipitisha mchuzi kwenye mkaa, tukashusha presha, tukauacha utiririke kwa kasi ukiambaa juu ya utando, si kushindiliwa ndani yake, ili uufagie ukipita. Kila siku tulipata kidogo, lakini hakuna siku tuliyokosa. Mwezi ulipokwisha, matangi yalikuwa yamejaa kuliko wakati wowote, na Byron mwenyewe akasema mbele yetu kwamba alipaswa kumsikiliza mapema.

Soda na keki zikaletwa. Acayo hakukaa. Alikwenda Ggaba, ufukweni mwa ziwa, ambako Sifuna alikuwa ameanza kuuza samaki, kumwambia kwamba kazi yao imefaulu na nafasi yake ipo.

Aliporudi alinisimulia. Sifuna alimsikiliza huku akipara sangara, akacheka kwa furaha ya kweli, akauliza kama mkaa ulikuwa ule ule wao. Kisha akasema, "Madam, nashukuru sana. Lakini hapa nimeshazoea. Siwezi kukaa tena nikingoja siku ya kuambiwa nenda." Akamfungia samaki, akakataa kulipwa.

"Nilikuwa najua, Aluoch," Acayo aliniambia. "Nilijua mapema, nikanyamaza kwa sababu mkubwa amesema hapana. Nimelelewa hivyo."

Tangu siku ile hajanyamaza tena. Mtu wa zamu akija na wazo likakataliwa, Acayo huuliza sababu, na jibu lisipomtosha huuliza tena, kwa sauti inayofika hadi getini. Leo sehemu ya kuchuja ina zamu tatu, na utando mmoja unadumu muda ambao zamani tungemaliza kadhaa. Ila ukimpongeza kwa hayo, hukutajia majina ya waliopunguzwa, mmoja mmoja.

Madam, sisi pia tunasikitika. Tungependa ubaki, na tungependa wale wote wangekuwepo kukuaga. Asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kutotuficha kinachokuuma. Kitgum ikupokee vizuri. Mungu akujalie afya, usingizi mtamu na wajukuu wasikivu. Na kila utakapowakumbuka tuliowapoteza, utukumbuke na sisi tuliobaki: tunalisha watoto wetu kwa sababu ulirudi kwenye ile ofisi mara ya pili.