Bi Sindano na Fisi Aliyefunga Mdomo

Tarehe thelathini Juni, saa kumi na nusu jioni, Bi Sindano atatundika aproni yake kwenye msumari wa karakana kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita na miezi minne katika Makumbusho yetu. Katika muda huo wamepita wakurugenzi saba, mabomba ya maji yamebadilishwa mara mbili, na twiga wa ukumbi wa chini hajazeeka hata siku moja. Hilo la twiga ni kazi ya mikono yake.

Barua yake ya ajira inamtaja kama Fundi Mwandamizi wa Vielelezo vya Wanyama. Kwa lugha ya nyumbani, mnyama akifa ngozi yake huletwa kwake, naye humrudishia umbo. Kazi hiyo hakuisomea. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, akaitwa siku mbili kushona pazia la ukumbi wa ndege. Mkuu wa karakana wakati huo, tuliyemwita Mzee Plasta kwa kuwa nywele zake zilikuwa nyeupe kwa plasta kabla ya kuwa nyeupe kwa umri, alimwonyesha pundamilia aliyepasuka ubavuni na kumwuliza kama angeweza kuuficha mshono. Aliuficha hata Mzee Plasta akautafuta kwa miwani asiuone. Pazia likaisha, mshonaji akabaki, na jina la Sindano likamganda.

Wafanyakazi wa zamani wanakumbuka siku kifurushi chake kilipofunguliwa kwa makosa kule stoo. Karani wa stoo alitarajia balbu. Alikutana na jozi arobaini za macho ya kioo, yote yakimtazama yeye. Wiki iliyofuata aliomba uhamisho kwenda maktaba, na yuko huko mpaka leo, mzima wa afya, ila vifurushi hafungui.

Lakini wasifu wa Bi Sindano usio na fisi ni chai isiyo na majani. Kila aliyesoma shule ya msingi karibu na hapa anamkumbuka fisi wa zamani: mgongo umepinda, taya wazi, meno yote nje, ulimi umepakwa rangi nyekundu kama mlango wa duka. Mzee Plasta ndiye aliyemtengeneza. Watoto walipiga kelele, walimu walicheka, na wageni wazima walimtupia maganda ya karanga. Chini yake palikuwa na kibao kilichosema, "Fisi dume, mwoga na mwizi wa mizoga." Kibao hicho kiliandikwa na mkono huu huu unaoandika wasifu huu, na kwa uandishi ule nilipongezwa.

Miaka kumi na minne iliyopita fisi huyo alianza kupukutika manyoya, akapelekwa karakana. Bi Sindano alimlaza chali na kuanza kumfumua tumboni. Chini ya tabaka la rangi aliona chuchu mbili, ndefu, za mnyama aliyenyonyesha. Akaniita. Nilisimama pale nikiwa na kalamu mfukoni, nikijua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimemwita mama dume.

Mtafiti wa wanyama kutoka chuo kikuu alitueleza kwamba kosa hilo wamelifanya wengi, kwa sababu za kimaumbile ambazo jarida la heshima kama hili halitazieleza. Akatuambia zaidi: kwamba miongoni mwa fisi wa aina ile majike ndio wenye amri, kwamba kundi huwinda lenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba mama hunyonyesha zaidi ya mwaka mzima. Tulikuwa tumelelewa na methali ya njia panda iliyomshinda fisi. Hakuna aliyetuambia kwamba fisi ana ukoo na heshima zake.

Mtu mwingine angeziba manyoya na kufuta neno moja kwenye kibao. Bi Sindano aliomba likizo. Mumewe, fundi saa, mtu mpole, alifurahi akidhani wanakwenda kupumzika. Walikaa siku tisa katika hifadhi, ndani ya gari la mtafiti, mbele ya pango la fisi. Alirudi na madaftari matatu ya michoro: fisi amelala, fisi anajikuna, fisi anamlamba mwanawe sikio. Katika kurasa zote zile aliyeachama alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa anapiga mwayo. Mumewe alirudi na mafua.

Ndipo mvutano ulipoanza. Bi Sindano alitaka kumtengeneza fisi upya, mdomo umefungwa, akisimama kama alivyowaona. Mkurugenzi wa wakati huo alikataa. Alisema watu huja kuogopa, na fisi asiyetisha ni mbwa mwenye madoa. Wajumbe wa bodi waligawanyika. Baada ya vikao vitatu mtafiti aliwashawishi, ruhusa ikatoka. Sote tulidhani Bi Sindano angeanza kesho yake asubuhi. Hakuanza. Ngozi ilikaa mezani wiki nzima, naye akawa anashona bundi ambaye hakuwa na haraka yoyote.

Nilipomwuliza, aliniambia hawezi kuibomoa kazi ya mwalimu wake akiwa hai bila kumwuliza. Mzee Plasta alikuwa amestaafu zamani na macho yamemwishia. Bi Sindano alikuwa akimpelekea matunda kila mwezi, lakini habari ya fisi hakuwahi kuitia mdomoni. Aliniomba nimsindikize. Alibeba sanduku la viatu, na ndani yake mfano mdogo wa fisi wa udongo.

Mzee alitupokea kitandani. Bi Sindano hakueleza kitu, alimwekea tu ule udongo mikononi. Vidole vya mzee vilipita mgongoni, vikashuka miguuni, vikarudi kichwani. Vilipofika kwenye taya vilisimama. Bi Sindano alikuwa ameinamisha uso kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Umemfunga mdomo," mzee akasema.

"Nimemfunga, mwalimu. Niwie radhi."

Akaupapasa tena ule mdomo uliofungwa. Kisha akasema, "Mimi fisi hai sikuwahi kumwona mchana. Nilitengeneza ninayemwogopa. Wewe umekwenda kumtazama. Sasa unaniomba radhi ya nini, binti yangu?"

Bi Sindano alifuta macho kwa ukosi wa gauni. Mzee akauzungusha tena ule udongo, akakunja uso, na safari hii sauti yake ilikuwa ile ile ya karakana: "Ila bega la kushoto umelipandisha. Lishushe."

Tuliporudi alipima kwenye michoro yake. Bega lilikuwa limezidi upana wa kidole kimoja. Alilishusha.

Fisi mpya alikamilika miezi mitano baadaye. Amesimama, masikio mbele, anasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii. Siku za kwanza wapo waliolalamika kwamba tumewaharibia fisi wao. Kisha akaja mfugaji mmoja, mama wa makamo, ambaye mbuzi wake kumi na mmoja walikwisha kwa fisi. Alimtazama kwa muda mrefu, akamwambia Bi Sindano, bila kujua anaongea na nani, "Simpendi. Lakini huyu ndiye. Yule wa zamani sijawahi kukutana naye popote." Bi Sindano amepata vyeti vitatu na medali moja katika utumishi wake, naye huhesabu maneno hayo kuwa ya kwanza.

Tangu hapo hakuna kielelezo kilichotoka karakana bila mnyama mwenzake kutazamwa akiwa hai, na hatupokei tena ngozi ya mnyama aliyeuawa kwa ajili yetu. Mafundi wawili aliowafundisha wanachora kabla ya kushona. Mimi nami nimejifunza kuuliza kabla ya kuandika kibao.

Bi Sindano, umetuvumilia, umetufundisha, na umetucheka inapostahili. Ahsante. Mpe mumeo salamu zetu, na safari hii mpeleke mahali penye kivuli. Tunakuombea macho makali, magoti yasiyolalamika na asubuhi zisizo na kengele. Kuanzia Jumatatu, mnyama yeyote utakayemwona atakuwa hai. Mtazame utakavyo, wala hudaiwi mshono hata mmoja.