Mwalimu Elinipa na Njia Nyembamba

Baba Mchungaji, wafiwa wenzangu na majirani, mimi ni Naisiae, mjukuu wa marehemu, na wazee wa ukoo wamenituma niwasomee safari ya bibi yetu, Mwalimu Elinipa Gerson.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Nkoaranga, kwa mzee Gerson na mama Hanna, wakulima wa kahawa na migomba, akasoma hapa hapa mlimani hadi sekondari, na mwaka 1975 akahitimu ualimu wa baiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alifundisha Usa River hadi alipostaafu mwaka 2011, na somo lake kuu lilikuwa namna ubongo wa binadamu ulivyokua, akipanga mezani mafuvu ya plasta, la kale lenye nafasi ya ubongo kama chungwa kubwa na la mwisho kama letu, akieleza kwamba ubongo ni mlaji mkubwa, na wahenga wetu waliweza kuulisha walipopata nyama, moto wa kulainisha chakula, na wenzao wa kugawana nao. Mzee mmoja wa kanisa alipomuuliza kama anamkana Muumba, alijibu, "Mzee wangu, Mungu ana haraka gani?"

Mwaka 1978 alifunga ndoa na marehemu babu Yoeli, wakajaliwa watoto wawili, mjomba Sifaeli na mama yangu Rachel.

Tarehe 2 Juni 2003, mama akiwa Sombetini, alishikwa na uchungu, kichwa cha mtoto kikakwama, na walipofika hospitali mtoto aliokolewa lakini mama akafariki, na mtoto huyo ndiye mimi. Wanafunzi wa bibi wamenisimulia kwamba muhula uliofuata, alipofika kwenye somo la nyonga za kiumbe anayetembea wima, alifuta ubao, akatoka nje.

Alinilea yeye, na siku nilipomuuliza kama ni mimi niliyemuua mama, aliacha kumenya ndizi akanishika mikono, akasema, "Hapana, mama. Njia ni nyembamba na kichwa ni kikubwa, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, ndiyo maana binadamu hazaliwi wala halelewi na mtu mmoja."

Mwaka 2019 alianza kusahau, kwanza sufuria motoni, kisha majina, na daktari alipotuonyesha picha ya ubongo uliosinyaa, yeye mwenyewe alinieleza kila sehemu kwa sauti ya darasani, kisha akauliza ile ni picha ya nani. Baadaye akawa ananiita Rachel, nami mwanzoni nilimsahihisha, lakini nilipoona analia upya kila ninapomwambia Rachel amekufa, nikaanza kuitika, "Abee, mama."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, saa nane mchana, akiwa ameshika mkono wangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na akina mama majirani waliokuja kwa zamu kumlisha na kumwogesha, hata alipowafukuza kama wageni.

Bibi, umefikiri vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.