Hitima ya Mwenye Jicho

Baraza yetu ya Likoni iko ukutani mwa duka la makaa, karibu na njia ya kivukoni, na baada ya Alasiri hukosi mtu wa kukuchosha. Mwaka ule wa kungojea Uhuru tulikuwa na kazi moja: kumchangia Mwanatatu, dada yake Ishaka, apande meli aende Bombay. Vioo vya macho yake vilikuwa vimeingia ukungu mweupe, na daktari alisema huko waweza kutoa kimoja na kumtia cha maiti. Kila mtu alitoa alichonacho. Asiye na kitu alileta nazi, tukauza. Kisha tukaona si adabu kuchukua jicho la mtu hivi hivi, tukamsomea hitima, kama asomewavyo maiti, kwa halua na kahawa. Jina hatukulijua, tukasema tu "mwenye jicho, Mola anamjua." Siku ya pili tukakaa kujisifu, na mimi nilijisifu kuliko wote.

— Mwanatatu akirudi ataota Kihindi, alianza Mwinyihaji, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Jicho haliongei, Redio, nikamwambia.

— Laona! Na likionacho ndicho uotacho. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

— Methali hiyo yaingiaje hapo?

— Yaingia yenyewe.

Shee akajikohoza. Huyu twamwita Kadhi, ingawa hajawahi kuamua hata ugomvi wa kuku.

— Neno si ndoto, neno ni njia. Jicho halisahau kwao. Mtamtuma Mwanatatu dukani, mtamkuta kivukoni kaelekea maji, yuwatazama upande wa Bombay. Usisafirie nyota ya mwenzio!

— Na kama mwenyewe aliuawa? Redio akadakia. — Wallahi litamjua muuaji. Apite hapa, Mwanatatu atamnyoshea kidole.

— Muuaji wa Bombay aje Likoni kufanya nini?

— Kununua nazi.

Tukacheka. Ishaka hakucheka.

— Meli ni Jumanne, jamani. Msimtie dada yangu hofu.

Hapo Babu, muuza kahawa wetu, mtu asiyesema mpaka aulizwe, akaliweka dele lake chini.

— Jana kwenye hitima mlikuwa na mgeni?

— Mgeni gani?

— Alisimama mlangoni, shati jeupe. Nlimpa kikombe, akakipokea kwa mkono wa kushoto. Kwa wa kulia kajifunika jicho. Akaniuliza, "Wamsomea nani hawa?" Nikamwambia, mwenye jicho. Akasema, "Mbona mapema?"

— Kisha?

— Nligeuka kumimina. Kugeuka tena, hayupo. Kikombe ki pale mlangoni, kimejaa.

Sioni haya kusema niliogopa.

— Si mwaona! Kadhi aliruka. — Maiti kaja mwenyewe kupokea thawabu zake! Mgeni njoo mwenyeji apone!

— Masalkheri, wazee wangu.

Alikuwa Mwanatatu, pembeni mwa duka, kiganja chake ukutani. Hatukujua amesimama hapo tangu lini.

— Akheri, mwanangu, tukaitika kwa sauti za chini.

— Nimesikia yote. Kaka Ishaka, daktari alisemaje juu ya lile jicho? Lawekwa?

— Haliwekwi sana. Mtu hufa, jicho hutolewa, hutiwa kabla halijaharibika. Ndiyo maana madaktari wataka ufike kwanza, ungoje.

— Ningoje nini?

Ishaka akainama.

— Mimi meli sijapanda bado, Mwanatatu akasema polepole. — Basi huyo mliyemsomea jana hajafa. Saa hizi yuko kwake. Labda yuwala. Labda yuwacheka na wanawe.

Redio alizimika. Mimi nilitamani mtu yeyote aseme neno, hata la upuuzi.

— Nami kila nikisali naomba nilipate jicho upesi, akasema Mwanatatu. — Magharibi yaja sasa hivi. Niambieni, wazee wangu, mtu yule nimwombee nini?